Tyubu Iliyokataa Kufungika

Alhamisi, baada ya chakula

Kumbe haikuwa tyubu.

Wiki mbili nimewaonyesha wanafunzi wangu umbo la tyubu ya baiskeli, nililolijenga kwa pembetatu kwenye programu ya topolojia, hesabu za maumbo. Programu ilijumlisha pointi na pembetatu, ikaondoa idadi ya kingo, jibu likawa sifuri, kama inavyotakiwa kwa tyubu. Nikaridhika. Ukingo mmoja nilikuwa nimeuunganisha kinyume, likatoka umbo jingine, lile lisilo na ndani wala nje, lisiloweza kufungika kwa karatasi, ambalo nalo hutoa sifuri. Hilo nalifahamu miaka yote. Sikuangalia tu.

Aliyelifichua ni Mwanaidi, mwanafunzi wangu kutoka Kondoa. Leo kaja ofisini, kanipa shikamoo, kaweka mezani modeli aliyoikata kwenye boksi la biskuti na kuiunga kwa selotepu.

"Samahani mwalimu, nimefuata orodha ya pembetatu uliyotupa darasani, lakini mwishoni inakataa kufungika. Sijui nakosea wapi."

Nikafungua faili. Kurekebisha kulichukua dakika chache. Nilimwambia kosa ni langu, naye akatazama chini kama vile yeye ndiye aliyenikosea.

Aibu ya hesabu itapita. Kinachonikera ni kingine. Mimi ni mwalimu wa kuogopwa kiasi hicho? Sidhani, lakini...

Modeli ameniachia. Pembeni ameandika kwa penseli: jaribio la tisa.

Mara tisa amekata boksi, na hata mara moja hakunishuku mimi.