Kadi ya Tatu

Kaka yangu,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikitumaini mgongo wako umepata nafuu na kikohozi cha yule mdogo kimetulia. Huku kwetu miili ni mizima. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote, hata jirani wa chini atakuthibitishia. Mimi sina ugonjwa wa kupeleka hospitali.

Barua yako niliipata Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilishtuka kuona bahasha, maana simu zangu hupokei tangu mwaka jana na nilishajiambia kwamba umenifuta. Niliifungua nimesimama jikoni nikitegemea matusi, na kusema kweli nilikuwa nayatamani. Badala yake umeniomba msamaha. Umeandika kwamba unaona haya kwa kunivunjia heshima kazini, mimi niliyesoma, mimi ambaye wewe mwenyewe uliniletea fomu ya kuomba kazi pale kiwandani. Umeandika kwamba mashine yako ndiyo iliyoua betri za watu, na kwamba tangu ufukuzwe hushiki kitu chochote chenye joto, hata pasi ya nyumbani umemwachia wifi. Niliisoma mara mbili, nikakaa sakafuni. Sikukujibu siku ile kwa sababu sikuwa na uso wa kukujibu.

Sasa najibu. Uniwie radhi nikianzia mbali, maana nikiruka mambo nitajipendelea, na nimeshajipendelea vya kutosha.

Unaijua ile kadi yetu yenye kioo kuliko mtu yeyote, ila naieleza ili wifi akisoma naye aelewe. Ni kadi ya malipo kama nyingine, nyembamba vilevile, lakini tumboni ina betri mfano wa karatasi, na pembeni ina kitufe na kioo kidogo. Ukibonyeza kitufe, kioo kinakupa namba ya siri ya kutumia mara moja, na bila namba hiyo mashine ya dukani haipokei malipo. Betri yenyewe haichajiwi. Ikifa, kadi nayo imekufa, na mwenye kadi anabaki mbele ya keshia akitoa macho. Kazi yako ilikuwa kubana matabaka ya plastiki kwa joto ili betri ikae ndani. Kazi yangu, kule chumba cha majaribio, ilikuwa kuifundisha kadi kulala: iamke upesi ikibonyezwa, itoe namba, irudi kulala bila kula betri bure. Meneja alitaka betri idumu miaka mitatu. Mimi na kiherehere changu nikamwambia mbele ya watu kwamba miaka mitatu ni kitu kidogo.

Nikapanga kadi sitini kwenye rafu, kila moja na kidole chake cha mpira cha kuibonyeza mara kumi kwa siku. Zililala pale kama wagonjwa wa wodi ya matajiri, chumba kina ubaridi mzuri na vumbi halifiki. Hesabu zikatoka tamu. Ni wewe uliyekuja mlangoni na aproni yako, ukaitazama rafu, ukaniuliza ni nani duniani anayetunza kadi yake rafuni. Ukasema watu wanazikalia. Nilikucheka. Nilikuambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri, kwamba makalio si kipimo cha kitaalamu. Na wewe ukacheka, ukaniomba kadi tatu, ukazitia mfuko wa nyuma wa suruali pamoja na funguo, ukaenda zako.

Ulizikalia wiki saba. Ulizikalia kwenye benchi, kwenye baiskeli, kwenye kiti cha kinyozi. Kila ulipotia mkono mfukoni ulitazama kama kioo kinawaka chenyewe, ukaandika kwa penseli nyuma ya karatasi ya kuandikia joto la mashine yako: leo mara tisa, leo mara kumi na nne. Funguo zilikuwa zinakandamiza kitufe, kadi inaamka, inatoa namba yake humo gizani bila wa kuisoma, inalala, inaamshwa tena. Kadi mbili zikafa. Ile ya tatu ulikuwa umeshaizungushia kitufe chake kipete cha plastiki, ulichokikata kwenye mabaki kwa mkasi wa kucha wa wifi, chembamba kiasi kwamba kadi bado iliingia kwenye mashine ya dukani bila kukwama. Ncha ya kidole inafika kwenye kitufe, funguo hazifiki. Hiyo haikufa. Ijumaa mchana uliniletea karatasi na kadi zote tatu ili niviambatanishe kwenye ripoti ya majaribio niliyotakiwa kumpa meneja Jumatatu. Nikakuambia usiwe na wasiwasi, nitaviambatanisha.

Yaliyofuata uliyaona kutoka upande wa mashine, mimi nikayaona kutoka upande wa masanduku. Kadi zilikuwa mikononi mwa watu miezi minne tu zikaanza kurudi, mwanzo sanduku moja kwa wiki, mwishoni zinapangwa koridoni hadi mlango wa choo. Nilipewa kazi ya kusoma malalamiko. Kulikuwa na mama aliyeacha maziwa ya mtoto kaunta akatoka nje analia. Kulikuwa na mzee wa watu aliyezuiwa kwenye kituo cha mafuta saa tatu nzima kama mwizi, na gari lake limeshajazwa. Wote waliandika jambo lilelile kwa maneno yao, kwamba walibonyeza na kioo hakikusema kitu. Wengi waliandika pia kwamba kadi walikuwa wakiiweka pochini, na pochi mfuko wa nyuma.

Siku ya kikao cha uchunguzi nilikaa mezani pamoja na meneja na mtaalamu wa kampuni iliyotuuzia betri. Yule mtaalamu alisema betri zake hazina kasoro, pengine ziliunguzwa wakati wa kubanwa. Meneja akanigeukia akaniuliza kama joto linaweza kuua betri. Nikajibu kwamba inawezekana. Si uongo, inawezekana, hata kitabuni imeandikwa. Lakini karatasi zako za joto za miezi yote nilikuwa nimezipitia asubuhi ileile, na hakuna hata siku moja ulipovuka kipimo. Wewe ulikuwa umesimama karibu na mlango kwa sababu hukupewa kiti. Ulinitazama, mimi nikatazama kalamu yangu.

Nilidhani utabisha. Miaka yote najua ulivyo na kichwa kigumu, nikajua utapiga meza, utataja mfuko wako wa nyuma, utadai karatasi yako itolewe, na hapo mambo yatalipuka bila mimi kuyalipua. Kumbe ulinyamaza ukatia sahihi karatasi ya kukiri kosa. Barua yako ndiyo imenieleza kwa nini. Umeandika kwamba uliamini karatasi yako imo kwenye ripoti na wakubwa wameipima wakaona si kitu, na kwamba kama mdogo wako aliyesomea mambo hayo amesema ni joto, basi ni joto. Sentensi hiyo naijua kwa moyo sasa. Naisikia nikipiga mswaki.

Basi sikia. Karatasi yako haikuwahi kuingia kwenye ripoti. Haikupotea wala sikuisahau. Niliisoma Ijumaa ileile, nikaelewa kila mstari, nikajua kwamba kadi sitini za rafuni ni mchezo wa kitoto na kadi tatu za mfukoni ndizo za kweli. Nikaiweka kwenye droo yangu ya chini, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa karibu na nilikuwa nimeshatamka miaka mitatu mbele ya watu. Nilijiambia nitarekebisha baadaye, kadi zikishatoka. Kaka, hukuua betri hata moja. Nimeziua mimi, kisha nikakuacha ubebe maiti zake.

Na hilo si lote, natamani lingekuwa lote. Miezi miwili baada ya wewe kumwaga unga, meneja alitaka dawa kwa ajili ya kadi mpya. Nilifungua droo ileile, nikatoa kadi yako ya tatu, nikakichora kipete chako kwenye kompyuta na kukiita ukingo wa kitufe. Kadi mpya zinakaliwa na makalio ya watu mwaka mzima sasa na hazifi. Picha yangu imetundikwa koridoni, palepale yalipokuwa masanduku, chini yake pameandikwa neno ubunifu. Nilipewa ofisi yenye dirisha. Wakati huohuo Mama alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe wa kiume ni mzembe, ametia familia aibu, bahati nzuri binti anaifuta. Nilikuwa namsikia na kuendelea kula.

Baada ya barua yako nilimwambia Mama kwanza. Hakunipigia kelele, na wewe unamjua, ningeona afadhali angepiga. Aliuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Nikasema hujui. Tangu hapo akinitaka chumvi anaomba hewani, kama vile chumba hakina mtu. Jumanne nikampelekea meneja nakala ya karatasi yako na maelezo yangu yenye sahihi. Alisoma taratibu, akaniuliza kama ninayo nakala nyingine, kisha akanikumbusha kwamba wewe mwenyewe umekiri kwa maandishi, na kwamba kadi mpya inauzika vizuri, kwa hiyo haoni nani atafaidika. Nilimwambia utafaidika wewe. Akasema atazungumza na mwanasheria. Alhamisi asubuhi kitambulisho changu hakikufungua mlango wa kazini. Nikadhani kimeharibika, nikakifuta kwenye sketi. Mlinzi, yule mliyekuwa mkitaniana naye kuhusu kitambi chake, akaniambia kwa upole kwamba hakijaharibika. Sikuambii haya ili unionee huruma.

Nakuambia kwa sababu kuna kazi imebaki na siwezi kukufanyia. Katibu wa chama cha wafanyakazi anayo nakala ya kila kitu, pamoja na karatasi zako za joto. Anasema jina lako linaweza kusafishwa na kazi yako kudaiwa, ila wewe mwenyewe lazima uende ukafute ile karatasi ya kukiri, kabla ya mwisho wa mwezi huu, na uifute ukiwa na uhakika, maana watakubana kwa maswali. Ukisitasita, ukisema tena kwamba labda ni joto, mambo yamekwisha. Nakujua. Ndiyo maana sikutuma barua hii kwa posta. Anakuletea Mama mwenyewe, amefunga mizigo yake yote na sikuthubutu kumuuliza anarudi lini.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi yako halisi ya penseli. Utakuta pia kadi yako ya tatu, na kipete chako cha mkasi wa kucha, upande mmoja kimepinda kidogo. Haijawahi kubadilishwa chochote. Ilibanwa na mashine yako, kwa joto lako, siku moja na zile mbili zilizokufa. Kabla hujaamua kumwamini mtu aliyesoma, ibonyeze. Mimi nimeibonyeza leo asubuhi na imewaka.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka, na ukiona hawastahili kusikia jina langu basi usiwaambie. Wifi mpe pole kwa mkasi wake na kwa mengine yote. Mama mwekee godoro chini, asipande ngazi. Unaweza kunichukia kwa muda wowote unaoutaka, unaweza usinijibu kabisa, nitaelewa. Lakini usiniombe tena msamaha, kaka. Hilo ndilo nisiloliweza.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Sindano.