Sahihi ya Keziah

Devonport, Machi 1870

Mwanangu Loveday,

Kikohozi kimepungua, na jamu yako ni tamu.

Unamkumbuka Keziah, mshona mashati niliyemfundisha kuandika jina lake? Jumatatu askari kanzu alimsimamisha njiani. "Tia sahihi tu, dada, uende zako." Akaandika jina lote, kwa madaha. Kumbe karatasi inasema yeye ni kahaba, na kwa hiari yake atakaguliwa mwilini na daktari mwaka mzima. Mabaharia, ambao sheria hii inawakinga na magonjwa ya zinaa, hawakaguliwi.

"Mwalimu, mbona hukuanza na kusoma?" aliniuliza.

Kesho anatakiwa hospitalini, hatakwenda, na anayekataa hushtakiwa. Tutasimama pamoja mbele ya hakimu, hata kama ni jela.

Karatasi ile nimeinakili ubaoni. Wanafunzi wangu wataisoma kwanza. Majina yatangoja.

Shangazi yako,
Thirza