Mheshimiwa na Slabu Zenye Mashimo

Kendi dada yangu,

Hamjambo huko Nkubu? Huku Isiolo upepo unamwaga vumbi hadi ndani ya chai, lakini jengo letu linapanda. Leo nusura lisimame.

Slabu za sakafu zililetwa na lori kutoka kiwandani, kila moja ina mashimo marefu ndani, toka mwisho hadi mwisho. Mheshimiwa mmoja alikuja kukagua, akachungulia shimo, akaona mwanga upande wa pili. "Mmekula simiti!" akafoka. "Nani injinia hapa? Akamatwe!"

Injinia wetu ni Halima, binti mpole wa Garbatulla. Alimweleza kwamba mashimo yanapunguza uzito, na nyaya za chuma zilizo chini ndizo zinabeba mzigo. Askari wakamshika mkono tu. Niliogopa sana, Kendi.

"Basi simameni juu yake," Halima akasema. Tukalaza slabu moja juu ya kuta mbili fupi. Mheshimiwa akatanguliza msafara wake: walinzi, wapiga picha, mbeba mwavuli, mbeba simu na msaidizi wa mbeba simu. Slabu haikutikisika, ndipo naye akapanda.

Askari wakamwachia Halima. Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa ameshafika juu, akaitisha kipaza sauti. "Watu wa Isiolo," akasema, "mashimo haya nimewaletea mimi mwenyewe!"

Tulipiga makofi. Halima alipiga kuliko sisi wote, huku akifuta machozi ya kicheko.

Mwambie mama ninakula vizuri, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Kaka yako,
Mwenda