Nilimsingizia Binti Yangu Chupa ya Shampeni

Mama Germana, salamu kwako na kwa redio yenu huko Louisville. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana, leo naituma, unisaidie hata kama utanigombeza kwanza.

Niko mjane wa miaka hamsini na minne, mtu wa Uvira, na hapa Buffalo niko mwaka wa tisa. Bonheur, mtoto wangu wa kwanza, anafanya kazi kiwandani huko kwenu, na Chimène anasomea uuguzi Columbus, donc nyumbani niko mimi na televizio. Kazi yangu ni kuangalia wazee. Miaka mitatu nilimwangalia Madame Irene wa Kenmore hapa jirani, bibi wa miaka themanini na nane ambaye zamani alikuwa anaagiza shampeni kutoka Ufaransa ya kuuza, na aliposikia najua Kifaransa alifurahi mpaka machozi, maana tangu bwana wake afe hakuwa na mtu wa kuongea naye ile lugha, na mimi sikuwa na mtu wa kuongea naye lugha yoyote.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilienda kwake, tunafungua chupa ndogo. Alinifundisha kushika kizibo na kuzungusha chupa, isipige kelele, itoe pumzi tu. Zile kampuni za ukoo za Reims na Épernay, wenyewe wanaziita maisons, alizieleza kama mtu anayekuhesabia wajomba zake: hii inapenda zabibu nyeusi, hii inaacha divai ilale na chachu yake miaka saba, ile iliongozwa na mwanamke aliyefiwa na bwana akiwa na miaka ishirini na saba, na mpaka leo chupa zake zimeandikwa Veuve, yaani mjane. Aliniambia, "Adolphine, unaona? Kufiwa si kwisha."

Siku moja akanieleza kwamba wakati wa vita kuu ya kwanza Reims ilipigwa mabomu na watu wakashuka kuishi chini ya ardhi, ndani ya mapango ya chaki, katikati ya chupa, watoto wakasomea mulemule. Bon, ndiyo siku nilimwambia namna tulilala porini siku kumi na moja tukikimbia vita, mimi na watoto, kitu sijamwambia mtu yeyote Amerika hii. Alinishika mkono tu.

Alikufa Februari. Mpwa wake aliniletea chupa tatu zenye jina langu kwa mwandiko wa bibi. Kanisani nilipotaka kuomba maombi, mama mmoja aliniambia, "Pole, kampuni itakupa mgonjwa mwingine," nikaacha kuomba. Kanisa letu linakataza pombe, na mimi ndiye kiongozi wa wamama.

Jumapili moja baada ya Pasaka nilishindwa, nikafungua moja. Sikuwa nimemaliza hata gilasi, Gentille wa korale akabisha hodi, amefuata kitambaa cha sare, akaiona mezani.

"Mama Bonheur, hii ni nini?"

Mdomo ulijibu kabla ya kichwa. "Ni ya Chimène. Aliisahau alipokuja Pasaka."

Juma lililofuata walimwombea binti yangu kwa jina, mbele ya kanisa lote, afunguliwe kutoka kwa pepo wa pombe, na mimi mama yake nilisimama pale nikasema amina. Mama mchungaji akampigia simu kumshauri. Chimène akanipigia analia, kwa Kiingereza chake, kwa nini ulisema hivyo, mimi sinywi hata bia, nikamjibu, "Walinisikia vibaya." Ni wiki ya tano sasa hapokei simu. Nikisema ukweli nitapoteza kanisa, na sina watu wengine. Nikinyamaza nampoteza mtoto. Na zile chupa mbili, nizimwage?

Adolphine, Buffalo

*

Dada yangu (wasikilizaji, majina nimeyabadilisha yote), pole. Umefiwa na rafiki, na watu wakakupa pole ya mtu aliyeachishwa kazi. Hilo si haki, na ningependa mama yule aliyekujibu vile asikie leo. Sasa nikugombeze.

Usijifiche nyuma ya chupa. Divai ni jambo lako na kanisa lako. Masharti uliyajua ulipokubali uongozi. Kinachokunyima usingizi ni ile amina. Ulisikia jina la mwanao likiburuzwa mbele ya watu, ukaitikia. Akakupa nafasi ya pili kwenye simu, ukamdanganya tena. Unanilalamikia upweke, na huko Columbus kuna msichana aliyebaki peke yake kwa sababu yako.

Ndiyo maana nilikupigia kabla ya kujibu. Nikakuuliza, "Chimène anajua Madame Irene alikuwa nani kwako?"

Ukasema, "Anajua nilikuwa na mgonjwa Kenmore."

"Na zile siku za porini?"

Ukasema, "Alikuwa mdogo. Sitaki akumbuke."

Sikia basi. Bibi wa watu alipewa maisha yako, mwanao akapewa uongo. Usimshangae akinyamaza, hajui anaongea na nani.

Jumamosi hii upande basi uende Columbus. Usimwandikie ujumbe, usimtume kaka yake. Mwambie, "Chupa ilikuwa yangu, niliogopa, nikakusingizia." Ukifika hapo usiongeze "lakini". Akifoka, mwache amalize. Akikuambia ondoka, tafuta pa kulala, urudi asubuhi. Akikubali kukaa nawe, mweleze uliyempoteza mwaka huu, halafu umuulize yeye anaishije huko.

Ukirudi Buffalo, nenda kwa mama mchungaji pamoja na Gentille, kisha uombe kipaza sauti kilekile kilichotaja jina la Chimène. Jina lilichafuliwa hadharani, lisafishwe hadharani. Wakikuvua uongozi, uvuliwe. Kaa kwenye benchi kama waumini wengine, uone nani atakuja kukaa karibu. Huenda wakawa wachache, lakini watakuwa wamekaa karibu na wewe mwenyewe.

Chupa usizimwage, bibi hakukukosea. Mpigie yule mpwa, umwambie kanisa lako haliruhusu, azifungue yeye, wewe ukae naye umsimulie habari za shangazi yake. Nadhani hapo Buffalo ni ninyi wawili tu mnaomkosa.

Uliniambia unaogopa Chimène hatafungua mlango. Inawezekana. Nunua tikiti hata hivyo, na ukifika pale, bonyeza kengele kwanza, uogope baadaye.

Mama Germana