Saa ya Nahodha Zebedayo

Jumatatu, 2 Machi

Betri tatu, kioo kimoja, mkanda mmoja wa ngozi. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa nane. Mimi haunisumbui sana: saa za zamani zinataka mwanga wa mlangoni na jicho zima, si waya. Niko kwenye meza hii ya mtaa wa Mangobo mwaka wa kumi na tisa. Bado wapo wanaofika wakiniuliza fundi ametoka kwenda wapi. Fundi ni mimi, mwanamke huyu huyu. Marehemu baba alinifundisha, na waliokuwa wakicheka wamechoka.

Mchana hakuna mteja, nikacheza mchezo wangu. Nawapa saa watu wa "Nyumba ya Ngambo", ile tamthilia ya hapa hapa mjini inayotoka Jumatano na Jumamosi jioni. Saa za zamani tu, zile ninazozijua mpaka tumboni. Mama Régine, muuza samaki wa moshi asiyemsubiri mtu: saa ya kiume, kubwa, uso umegeukia ndani ya mkono, ili asome dakika huku amekukazia macho. Maître Fulgence, wakili: saa ya mraba, nyembamba, rangi ya dhahabu, nzuri kuliko mwenyewe, na imesimama kwa kuwa hakumbuki kuitia ufunguo. Mwongo ana shida gani na saa sahihi.

Nahodha Zebedayo bado. Huyo nampenda mno, sitaki kumkosea.

Jumatano, 4 Machi

Nimekasirika. Jioni nilipika lituma, ndizi za kuponda, mapema ili nikae mbele ya televisheni bila kuinuka. Nahodha Zebedayo alikuwa bandarini, mstaafu, boti yake imeuzwa kama vyuma chakavu. Haongei sana yule mzee. Akinyamaza, wote wananyamaza naye. Halafu wakasogeza kamera karibu na mkono wake. Saa ya plastiki. Ya kijani.

Mtu aliyepitisha boti kati ya mafungu ya mchanga miaka arobaini, wamemfunga kitu cha kuchezea.

Sasa najua yake. Ya chuma. Uso mweusi, tarakimu kubwa zinazoonekana gizani. Ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, haina haja ya ufunguo. Ukiivua ukaiweka, baada ya siku moja na nusu inasimama. Saa ya mtu ambaye hajawahi kukaa bure.

Ijumaa, 6 Machi

Leo amekuja Mama Véro wa Kabondo, na saa ndani ya leso. Mumewe alikuwa rubani wa boti, mtu wa Yanonge. Amekufa mwaka jana. Nikafungua leso. Chuma. Uso mweusi. Tarakimu kubwa. Ile ile niliyompa Zebedayo juzi kichwani mwangu.

Imesimama tangu mwezi uliopita. Inatakiwa itembee kabla ya tarehe 28, siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo itakabidhiwa kwa binti yao, Nadège, anayetengeneza mashine za boti bandarini. Ila kuna sharti. Papa Alphonse, ndugu mkubwa wa marehemu, alisema mkono wa kwanza kuivaa baada ya marehemu uwe wa Nadège. Mtu mwingine akiivaa kabla, saa inarudi Yanonge kwa ndugu, na binti hapati kitu. Vingine vyote vya baba yake vimeshachukuliwa.

Mimi kwa kawaida saa iliyopona naivaa siku tatu kabla ya kuirudisha. Ni sheria ya baba: saa husema ukweli mkononi, mezani inadanganya. Nilimwambia Mama Véro kwamba hii nitaigeuza kwa mkono asubuhi, mchana na jioni. Sitaivaa. Nimeahidi.

Alhamisi, 12 Machi

Imepona. Mafuta yalikuwa yamekauka, basi. Nimeisafisha kipande kwa kipande, siku nne. Kazi ya waliotengeneza saa hii inanitia heshima. Hakuna skrubu ya kujionyesha. Hata mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, wamepang'arisha.

Inatembea vizuri. Naigeuza. Inachosha mkono.

Jumamosi, 14 Machi

Nimefanya upumbavu, naandika ili nisijidanganye.

Saa tatu asubuhi nani amesimama mezani kwangu? Nahodha Zebedayo. Yaani Papa Gaspard, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayemwigiza. Alikuja kubadilisha betri ya ile saa ya kijani. Ni ya mwanawe. Nikasahau hata kumpa kiti. Nikamwambia wazi kwamba saa ile inamtukana Nahodha. Akacheka, akasema kundi lao halina nyingine, na Jumatatu wanarekodi kipindi kikubwa: mzee anamsubiri mwanawe bandarini siku nzima.

Nilifungua droo. Nilitaka aione tu. Kisha nikataka nione mimi, mkononi mwake. Aliivaa. Akanyoosha mgongo hapo hapo, bila mtu kumwambia. Nikasikia mdomo wangu ukisema aende nayo mpaka Jumatatu jioni.

Hakuniomba. Nilimpa mwenyewe. Nilijifariji kwamba ni ule ule mtihani wa siku tatu mkononi. Nilijua kabisa sharti la Papa Alphonse.

Jumatatu, 16 Machi

Imerudi saa kumi na moja, imefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Haina mkwaruzo mpya zaidi ya kovu lake la zamani. Haijapoteza hata dakika. Nimeiweka kwenye droo, nimefunga. Sitasema kwa mtu.

Jumamosi, 21 Machi

Nimelia. Sijui ni kwa uzuri au kwa woga.

Sijawahi kuona kitu kama kile kwenye televisheni yetu. Papa Gaspard hakusema maneno kumi. Boti zinakuja, watu wanashuka, mtoto hayumo. Anatazama saa. Si kama mtu anayeuliza muda. Kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Mara anaipeleka sikioni, asikie kama imesimama. Afadhali ingekuwa imesimama. Mwalimu wa darasa la tatu, na ameigiza hivi. Nimejivunia utadhani nimemzaa.

Halafu kamera ikaja karibu. Uso mweusi umejaa kioo kizima cha televisheni. Kovu dogo karibu na tarakimu ya nne linaonekana kama barabara. Mke anayelijua kovu lile hawezi kulikosa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nadège atanyang'anywa saa ya baba yake kwa sababu mama mzima alikuwa anacheza.

Jumatatu, 23 Machi

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi hata kumi sikuzifikisha.

Mama Véro alikuja kuchukua saa. Nilimsoma uso, sikuona hasira. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akashukuru. Nikaelewa hajui. Nikauliza kama aliangalia tamthilia Jumamosi.

"Courant haikukuwako kwetu," akasema. "Kabondo yote giza."

Ningeweza kunyamaza. Bwawa la Tshopo, linalotupa umeme, lilikuwa limenifichia dhambi. Lakini alikuwa ameshika leso yake, anaifunga saa taratibu kama mtoto mchanga, na sikuweza. Nilimweleza yote, kuanzia saa ya kijani.

Alifunga leso mpaka fundo la mwisho. Swali lake lilikuwa moja tu: "Ilimukala muzuri ku mukono?"

Nikasema ndiyo. Ilimkaa vizuri sana.

"Papa Alphonse asijue," akasema. Akataka nije tarehe 28, kwa kuwa kwa desturi yao fundi ndiye anayeitoa saa mbele ya watu. Akapanda toleka, baiskeli ikaondoka naye. Hakugeuka nyuma. Nimepoteza heshima ya mtu ninayemheshimu.

Jumamosi, 28 Machi

Kabondo, uani kwa Mama Véro. Viti vya kuazima, pondu ya majani ya muhogo, samaki, watu wa Yanonge wamejaa. Papa Alphonse ni mzee mfupi mwenye sauti ndogo, na sauti ndogo ndiyo inayotisha. Nadège alikuwa amevaa shati jeupe, mafuta ya mashine bado kwenye kucha. Mama Véro akanipa leso, nikaitoa saa, nikaiweka juu ya meza.

Papa Alphonse hakuigusa. Alinitazama.

"Fundi. Kuko mutu aliivaa hii saa mbele ya leo?"

Nikisema hapana, nimeongopa mbele ya matanga ya mtu. Nikisema ndiyo, nimemnyang'anya binti. Kabla sijachagua, nikasikia nyuma yangu:

"Mimi."

Mama Véro alikuwa amesimama. "Kila asubui, tangu tulimuzika. Naivaa ku jikoni, ku soko naificha na kitenge. Saa ile ikikosa mukono inasimama. Sikutaka isimame." Akavuta pumzi. "Ilisimama tu mwezi ule niliogopa ile sheria, nikaivua. Ikakataa kutembea tena."

Hata mimi hakuwa ameniambia. Ningeweza kujificha nyuma yake, na nakiri nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikasema kwamba na mimi nilimvika mtu, kwa ajili ya tamthilia, na kosa si la mjane wala la binti.

Papa Alphonse aliichukua saa, akaiweka sikioni, akaiacha hapo mpaka miguu ikaniuma. Nadège alikuwa anatazama chini.

"Ile sheria niliiweka juu ya bale watu walikuwa wanaiangalia na macho mubaya," akasema hatimaye. "Sikuiweka juu ya bale walikuwa wanaifanya itembee." Akamfunga Nadège mwenyewe. Mkanda ulikuwa mrefu, akakunja ncha. "Bon. Wewe iko mukono ya tatu. Usiiache isimame."

Nadège alilia. Mimi nilikula samaki, sikuonja kitu.

Jumanne, 31 Machi

Mvua mpaka saa sita. Betri moja, na mzee mmoja aliyetaka kujua bei ya kitu ambacho hatanunua.

Alasiri alikuja Mama Véro. Hakuwa na saa ya kutengeneza. Kitenge chake leo si cheusi. Alikaa akitazama vyombo vyangu, na mara mbili nikamwona anageuza mkono wa kushoto kutazama mahali ambapo hakuna kitu. Akaona nimeona. Akacheka kidogo.

Aliniuliza kama ni kweli nawapa watu wa televisheni saa kichwani. Nikasema kweli. Nikamwambia ya Mama Régine na ya wakili, akapenda ya wakili.

"Na mimi," akasema, "ungenipatia gani?"

Watu wote hao nimewavika bila kusita. Yeye nilimtazama, mkono, uso, mkono tena. Nikasema sijui bado.

Akasema hana haraka. Akasogeza kiti karibu na meza.