Mama Hataki Kuambiwa Muuaji

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, na yule fundi wako mwenye maneno mengi hapokei simu.

Riwaya ya upelelezi uliyotuma imefika. Unanijua, siwezi kusoma kitabu kabla sijakichimba. Nikamaliza utangulizi, nikaenda hadi maktaba. Kumbe mwandishi alikuwa karani wa mahakama, na kisa kilitoka kwanza gazetini, kila wiki kipande, wasomaji wakimwandikia kumsihi asimuue mpishi. Kiherehere changu kikaniponza: nikamjua na muuaji.

Jana jioni nikaanza kumsomea Mama, maana macho yake hayawezi tena herufi ndogo. Habari za karani zilimchekesha sana. Nilipotaka kugusia muuaji, akaweka chini shati alilokuwa akilifumua.

"Wee! Mwisho niachie mwenyewe."

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimefuata majibu ya vipimo vya Mama hospitali. Daktari alinikalisha, akanieleza yote, tangu ugonjwa ulikoanzia hadi unakoelekea. Kutwa nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia. Nikafunga kitabu, nikafungua mdomo. Mama akanitazama usoni kwa macho hayo hayo mabovu.

"Na ya hospitali umeshaujua mwisho wake," akasema. "Usiniambie. Soma, mwanangu, tena polepole."

Nikasoma. Mara kwa mara nilirudia mstari ule ule, akajifanya hasikii.

Njoo tupokezane kumsomea, Kaka. Kitabu chenyewe si kinene.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mdaku, kama ulivyonibatiza