Koti Halinywi Chai

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, goti tu ndilo lina mambo yake.

Bado nachemsha chai ya ghorofa nzima hapa ofisini kwenu, ila watu wa ghorofa ndio hawapo. Tangu kampuni iwaruhusu mfanyie kazi nyumbani, Jumanne mnajazana kama siku ya mshahara, Jumatano nabaki na feni. Na wewe ndiyo kabisa, umehamia mji mwingine na kompyuta yako. Kiti chako cha dirishani nakifuta vumbi kila asubuhi.

Amekuja bwana mmoja na kamba ya kupimia. Tumempa jina Bwana Futi. Anapima sakafu, anatikisa kichwa, eti kodi ya viti vitupu. Ghorofa ikirudishwa kwa mwenye jengo, na mimi na birika langu tunarudi nyumbani. Usihofu. Nina mpango.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Umelipeleka hospitali au mnazungumza tu? Mimi salama.

Mpango gani tena? Nakujua wewe! Halafu hesabu ya ghorofa hiyo wameniletea mimi: kodi, umeme, viti vinavyotumika, na kama tukikaa kwa zamu tutaenea ghorofa ya chini peke yake. Nimejaribu kumsukumia mwenzangu, kakataa. Nasubiri picha za viti atakazozipiga Bwana Futi.

Binti yako

20 Machi

Shikamoo Mama,

Picha zimefika. Za Alhamisi, na kila kiti kimevaa koti! Bwana Futi ameandika, "Niliambiwa wametoka kula." Meneja anachekelea: kumbe watu wanakuja.

Mama, kwenye kiti changu kuna koti la marehemu Baba. Kile kifungo cha njano ulikishona wewe.

Nikinyamaza, kampuni italipia ghorofa ya makoti. Nikisema, nakutoa kazini kwa mkono wangu. Nifanyeje?

Binti yako

28 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimechelewa kujibu, nilikuwa narudishia watu makoti yao. Moja la mlinzi, na alikuwa anatetemeka getini, maskini.

Siku ile nilichemsha birika zima ili mambo yafanane. Bwana Futi akanywa kikombe kimoja. Lililobaki nikamwaga, na roho ikaniuma kuliko goti. Koti halinywi chai. Andika ulichokiona, na usinionee huruma kwenye hesabu, utakosea kujumlisha.

Mama yako

2 Juni

Mwanangu,

U mzima? Tangu uandike ile ripoti umekuwa bubu.

Ghorofa imerudishwa. Wamebaki ya chini, viti vya zamu, na mashine ya chai ya kubonyeza. Nimeionja. Nilikuwa naosha vikombe kwa maji yenye ladha kuliko ile. Wamenipa changu na mkono wa kwaheri, hatukugombana.

Samani zilizobaki tukaambiwa tujichukulie. Wenzangu wakarukia makabati. Mimi nikachukua kiti chako, nikakisukuma mpaka nyumbani, magurudumu yanalia barabara nzima. Jirani akauliza, "Mama, umehamishwa na ofisi yako?" Kiko sebuleni, na koti la baba yako mgongoni.

Swali langu ni moja. Mnasema siku hizi mnafanya kazi popote. Hapa kwangu si popote?

Mama yako

4 Juni

Shikamoo Mama,

Kisogeze dirishani, ndipo mtandao unaposhika. Nafika Jumamosi na kompyuta yangu.

Chemsha birika zima. Safari hii halimwagwi.

Binti yako